Swali Linauliza Dhamira, Wewe Unasimulia Hadithi

Wanachuo wenzangu, kila muhula karatasi za fasihi zinarudi na wino mwekundu uleule: "Umesimulia tu." Mtu kakesha, kitabu kakimaliza, kurasa nne kajaza, maksi hana. Mara nyingi kilichomwangusha ni istilahi. Tulizikariri sekondari kutoka kwenye madesa, ila hatukujua ipi inaishia wapi. Hebu tuzipitie kwa kitabu kimoja ambacho wengi tumekisoma, Kusadikika cha Shaaban Robert (1951).

Muhtasari ni kilichotokea, kwa ufupi. Karama anashtakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria. Anajitetea kwa kueleza habari za wajumbe sita waliotumwa nje kuitafutia nchi mema, kisha waliporudi wakatupwa gerezani. Basi. Ukiishia hapo umethibitisha kuwa umesoma, hujachambua.

Maudhui ni jumla ya yote yanayosemwa na kazi: dhamira, migogoro, ujumbe, msimamo na falsafa. Kwa hiyo dhamira imo ndani ya maudhui, si jina lake la pili.

Dhamira isiandikwe kwa neno moja. "Uongozi" ni mada tu. "Watawala wanaoogopa mawazo mapya huiumiza nchi yao wenyewe" ni dhamira, maana hapo umesema kitu kinachoweza kupingwa au kutetewa kwa ushahidi wa kitabuni.

Ujumbe ni funzo analoondoka nalo msomaji, mfano: anayekosoa si lazima awe adui.

Fani ni namna jambo lilivyosemwa, na hapa ndipo wengi tunapita mbio. Mshtaki anaitwa Majivuno. Jina linalobeba tabia ya mhusika huitwa majazi. Nchi yenyewe inaning'inia angani, halafu inaitwa Kusadikika: hapo kuna kejeli. Muundo nao ni hadithi ndani ya hadithi, kesi moja inayobeba safari sita. Usitaje vipengele hivi na kukimbia. Sema vinasaidia nini. Ukikumbuka muktadha, yaani Tanganyika ya 1951 ikiwa chini ya Waingereza, utaona kwa nini nchi ya kubuni angani ilifaa kusemea mambo ya ardhini. Hiyo ndiyo istiara ikifanya kazi.

Msimulizi si mwandishi. Maneno ya Karama barazani ni ya Karama. Ukiandika "Shaaban Robert anasema" kila mahali, utakwama siku mwandishi atakapompa kauli mhusika mwovu.

Mwisho, soma kitenzi cha swali. "Taja" inataka orodha. "Eleza" inataka maana na mfano. "Jadili" inataka pande mbili na msimamo wako. "Linganisha" haitaki insha mbili zilizobandikwa pamoja. Na kwenye ufahamu, jibu litoke kwenye kifungu ulichopewa, hata kama mambo ya nje unayajua vizuri zaidi.

Zoezi la wiki hii: chukua riwaya unayosoma, andika dhamira yake kwa sentensi moja kamili, kisha tafuta sehemu mbili zinazoithibitisha na moja inayoitia mashaka. Ukizipata zote tatu, insha yako tayari ina uti wa mgongo.