Shemeji ameleta oska, na tangi letu dogo

Shangazi,

Tunakaa Al Khoud, hapa Maskati, mimi, mume wangu na binti yetu wa miaka tisa. Mwaka jana tulinunua tangi la samaki wa mapambo, urefu sentimita 60, upana 30, kimo 35, tukaliweka sebuleni. Ndani mna neoni kumi, gapi sita na koridora wanne wanaopekua mchanga. Binti yangu amewapa wote majina. Akirudi skuli, kabla hajabadilisha nguo, huenda kuwahesabu.

Sasa mume wangu anasema tangi halina haiba, samaki wote ni vidagaa, mgeni akiingia haoni kitu. Anataka kabla ya Idi tutie samaki mmoja wa kuvuta macho, kama bi harusi katikati ya wapambe wake. Yeye anataka malaika. Binti anataka beta mwekundu. Mama yangu, mzaliwa wa Unguja, anasema yuko samaki wa kwetu anayewashinda wote hao kwa rangi. Tulikuwa bado tunashauriana, juzi akaja shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu, na zawadi mkononi: mtoto wa oska ndani ya mfuko wa nailoni. Nimemwambia tangi linasafishwa, samaki nikamtia ndooni jikoni na pampu ya hewa. Kila akipiga simu anauliza, "Samaki wangu hajambo?" Mume wangu anaona haya kumkatalia kaka yake. Nifanye nini? Na huyo bi harusi awe nani?

Mama wa Al Khoud

*

Mwanangu,

Ulifanya vyema kumtia ndooni. Usimhamishie tangini, hata kwa usiku mmoja. Oska akiuzwa huwa na urefu wa kidole, macho makubwa, mwendo wa taratibu, na mtu humwonea huruma. Asili yake ni Amazon, na akitunzwa hufika sentimita 30 na kuishi miaka kumi na zaidi. Tangi lako lina upana wa sentimita 30. Akishakuwa mtu mzima hatapata pa kugeukia. Lakini hamtafika huko, maana kabla ya hapo atakuwa amekwisha kumeza kila kinachoenea kinywani mwake, na neoni ndio wa kwanza. Si ubaya wake, ndivyo alivyoumbwa.

Watu wa Mwanza na Kisumu wanayajua haya. Miaka ya 1950 sangara alitiwa Ziwa Viktoria, ambako hakuwako kabla. Ziwa lilikuwa na furu wa mamia ya aina, wadogo, wenye rangi za kila namna. Kufikia miaka ya 1980 aina nyingi zilikuwa hazionekani tena, na sangara akiwa sababu kubwa. Ziwa lile lina zaidi ya kilomita za mraba 68,000. Tangi lako, ukitoa mchanga na nafasi ya juu, halizidi lita 50.

Sasa shemeji. Usimwambie wewe. Zawadi ya kaka hukataliwa na mdogo wake, si na mke wa mdogo wake, na mume wako asilifanye jambo hili kwa simu. Aende mwenyewe, amchukue binti yenu na rula, amwonyeshe kaka yake sentimita 30 ni ngapi. Kisha asimwambie "hatumtaki". Amwombe afuatane nanyi mpaka duka alilonunua, wabadilishe, na yeye ndiye amchague atakayeletwa badala yake. Hivyo bi harusi wa tangi lenu ataingia nyumbani kwa mkono wa kaka mkubwa, na akipiga simu kuuliza samaki wake hajambo, mtamjibu kweli.

Bila ya shaka, mkifika dukani mjue mnatafuta nini.

Malaika wa mume wako ni mzuri, simkatalii. Lakini mwili wake hufika sentimita 15, na mapezi yakitanda juu na chini huwa mrefu wa kimo kuliko wa urefu. Katika kina chenu cha maji atabanwa. Tena malaika aliyekua huwinda neoni. Binti yako atahesabu tisa leo, nane kesho, na hamtaona damu wala mfupa.

Beta angeenea. Taabu ni gapi. Beta wa Thailand walizalishwa vizazi kwa vizazi kwa ajili ya kupigana, na dume likiona mkia mrefu wa gapi hudhani ni dume mwenzake. Mngekuwa hamna gapi ningewaambia mchukueni.

Mama yako hakukosea hata kidogo, na nimefurahi kuona bado anamkumbuka. Samaki huyo yupo. Jina lake la kitaalamu ni Nothobranchius guentheri, liliandikwa na Georg Pfeffer mwaka 1893, na duniani kote asili yake ni kisiwa cha Unguja peke yake. Dume lina kama sentimita 5. Mwili ni wa kijani kinachoingia kwenye buluu, umetandwa wavu wa rangi ya damu ya mzee, na mkia ni mwekundu wenye ukingo mweusi mwembamba kama mtu aliyepaka wanja. Anaishi kwenye madimbwi ya mvua. Mvua ikinyesha, mayai huanguliwa, watoto hukua mbio, hutaga ndani ya tope, kisha jua hukausha dimbwi na wote hufa. Mayai hubaki topeni yakingojea mvua ya pili. Wafugaji wa Ulaya hutumiana mayai hayo kwa posta, ndani ya mboji yenye unyevu kidogo, na mtu aliye mbali na bahari yetu akamwaga maji akapata samaki wa Unguja.

Natamani ningeweza kukwambia umtie. Lakini maisha yake ni mafupi, mara nyingi kama mwaka mmoja, madume hawaachi kusukumana, chakula chake hasa ni vidudu hai au vilivyogandishwa, na madukani ni nadra kumkuta. Mtoto anayempa kila samaki jina asianzie kwa huyu. Binti yako akipevuka kidogo na hamu ikiwa ingalipo, mnunulieni kitangi cha pembeni, bibi yake amfundishe habari za masika na vuli, wazalishe pamoja.

Bi harusi wako, mwanangu, ni gurami wa asali.

Asili yake ni India na Bangladesh, na kitaalamu anaitwa Trichogaster chuna. Hukua sentimita 5 hivi. Jike ni kahawia iliyofifia, na dukani hata dume hupauka kwa hofu, ndiyo maana watu humpita wakaenda kwa wenye kung'aa. Mpe wiki mbili nyumbani kwako. Dume akitulia hugeuka rangi ya asali, kisha chungwa bivu, na akitaka kujenga, koo na tumbo huwa buluu iliyokoza hadi kukaribia weusi. Kiota chake ni mapovu, huyapanga chini ya jani linaloelea, moja moja. Chini ya kidevu ana nyuzi mbili ndefu anazozinyoosha mbele kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta swichi. Nimewahi kukaa na kikombe cha chai nikimtazama mmoja akimgusa koridora mgongoni kwa uzi mmoja, akaondoa, akagusa tena. Mgeni anayeona jambo hilo hatauliza samaki mkubwa yuko wapi.

Nina sababu nyingine, na hii ni ya Maskati. Jamii ya gurami wana kiungo kichwani kinachowawezesha kuvuta hewa juu ya maji. Maji ya nyuzi 25 hubeba oksijeni kama miligramu 8 kwa lita. Yakifika nyuzi 32 hubaki 7 na kidogo, na wakati huo huo samaki anahitaji zaidi. Umeme ukikatika mchana wa Juni, gurami hupanda akavuta pumzi. Neoni hawawezi. Kwa hiyo usidhani gurami akiwa salama wote wako salama. Weka kipimajoto, maji yasipite nyuzi 27, na mkisafiri kwenda Unguja likizo ya kiangazi msizime kiyoyozi cha sebule. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi 2 au 3, ingawa siku za unyevunyevu husaidia kidogo tu.

Na angalia maji ya bomba. Maji yetu hutoka baharini, yakasafishwa chumvi. Kiwanda cha Ghubrah kilianza kazi hiyo mwaka 1976. Maji yenyewe hayana ubaya kwa samaki hawa ukishatia dawa ya kuondoa klorini. Ubaya uko juu ya paa, kwenye tangi linalopigwa na jua kutwa. Mwaka mmoja, mchana wa Julai, nilibadilisha maji moja kwa moja kutoka bombani bila ya kuyagusa. Neoni saba walikufa kabla ya alasiri. Tangu hapo hujaza ndoo usiku, nikailaza chumba chenye kiyoyozi, asubuhi nikatia mkono mpaka kiwiko ndipo nikamimina. Robo ya tangi kila wiki inatosha.

Nunueni dume mmoja na jike mmoja. Madume wawili katika lita 50 hawatapatana. Kabla hawajaja, wapunguzeni gapi: jike huzaa karibu kila wiki nne, na kama mna majike mtaona wenyewe. Bakini na madume. Tieni mimea inayoelea, kwa sababu gurami wa asali ni mwoga na bila kivuli hatatoa rangi. Muwalete wiki tatu kabla ya Idi, si usiku wa kuamkia. Nyumba ikijaa watoto wanaogonga kioo, samaki aliyefika jana hupauka akajificha nyuma ya chujio.

Duka likimkataa oska, shemeji asije akasema basi tumtie wadi, maana Wadi ya Al Khoud haiko mbali nanyi. Wadi za Oman zina wenyewe. Wale wadogo wanaotudona miguu tukikaa Wadi Bani Khalid ni Garra, wa aina zisizopatikana ila Oman na Imarati, na ndugu zao wa pango la Al Hoota ni vipofu kwa kuishi gizani. Hao hawamwezi oska.

Kwa hiyo nawaomba wasomaji wa Maskati: mwenye tangi la lita 300 au zaidi, lisilo na samaki wadogo, atuandikie. Kuna oska mmoja ndooni Al Khoud anatafuta mahali pa kukulia.