Barabara Ndefu na Mnara wa Saa



Juzi wanakisomo wawili wa Tengeru walibishana. Mmoja alisema, "Mwalimu, ukisimama penye Mnara wa Saa pale Arusha, uko katikati ya Cape Town na Cairo." Mwenzake akakataa, "Kati hiyo nani kaipima?" Swali zuri. Tujifunze.

Barabara kutoka Cape Town, Afrika Kusini, hadi Cairo, Misri, ina urefu wa zaidi ya kilomita 10,000. Kwetu Tanzania huingilia Tunduma, hupita Mbeya, Iringa, Dodoma, Kondoa, Babati na Arusha, halafu hutokea Namanga.

Lakini njia hiyo haikai pamoja. Kwa miaka mingi kipande cha Dodoma hadi Babati kilikuwa vumbi na matope. Magari mengi yalizungukia Morogoro, Chalinze na Moshi. Lami yake ilizinduliwa mwaka 2018.

Kaskazini ni hivyo hivyo. Huko Kenya, kati ya Isiolo na Moyale, barabara hukata nchi kame ya Dida Galgalu. Zamani magari yalikwenda kwa msafara wenye askari, kwa hofu ya majambazi. Siku hizi ni lami. Mbele zaidi, ziwa la bwawa la Aswan lilifunika mji wa zamani wa Wadi Halfa, Sudan, katika miaka ya 1960. Wasafiri wa Misri wakavuka kwa meli, mpaka kituo cha nchi kavu kilipofunguliwa mwaka 2014. Kisha Aprili 2023 vita vikaanza Sudan, na njia ya jangwani ikawa ya hatari.

Sasa tupige hesabu. Tuseme mnara uko katikati kabisa. Magari yakilazimika kuzunguka kilomita 300 zaidi upande wa kaskazini, kati husogea nusu yake, yaani kilomita 150. Kutoka Arusha hadi Namanga ni kama kilomita 110 tu. Basi kati imevuka mpaka, imeingia Kenya!

Mnara haukuhama; iliyohama ni njia. Barabara hujengwa kwa lami, lakini hupitika kwa amani. Dereva atatafuta njia nyingine. Mama auzaye ndizi kando ya barabara, je, atahamia wapi?

MASWALI
1. Taja miji mitatu ya Tanzania iliyo kwenye barabara hii.
2. Njia ikirefuka kilomita 500 kaskazini, kati itasogea kilomita ngapi?
3. Kijijini kwenu njia gani imehama? Nani alipata, nani alikosa? Andika mistari mitano.