Kalenda ya Mvua Si Moja

Kila mwaka walimu na wanafunzi wapya huhamia mikoa wasiyoijua. Aliyelelewa Tanga, akipangiwa Makete mwezi Juni, hufungasha mashati mepesi, kumbe huko kuna asubuhi ambazo umande huganda juu ya nyasi. Kosa lake ni kudhani kuwa kalenda ya kwao ni ya Tanzania nzima.

Ukanda wa mvua hulifuata jua la utosini, ukichelewa kwa majuma kadhaa. Pwani ya kaskazini huupata mara mbili: unaposhuka kusini huleta vuli, Oktoba hadi Desemba, unaporejea huleta masika, Machi hadi Mei. Kusini zaidi, kwenda na kurudi kwake hukaribiana mno hata misimu miwili ikawa mmoja, yapata Novemba hadi Aprili. Ndiyo maana Januari, Tanga huwa katika kiangazi na barabara za udongo za Songea huwa tope tupu.

Mwinuko nao una hukumu yake. Kwa kila meta 100 upandazo, joto hupungua takriban nyuzi 0.6 za Selsiasi. Mji wa Mbeya uko kiasi cha meta 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mwanafunzi na akokotoe tofauti yake na Dar es Salaam, kisha aamue kama sweta ni anasa.

Bukoba ni mkaidi: pepo zivukazo Ziwa Victoria huupa zaidi ya milimita 1,800 za mvua kwa mwaka, ilhali Dodoma kwa kawaida haifikishi 700.