TUMSOME PAKA KABLA YA KUMGUSA

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba zake. Ama baada ya hayo.



Somo letu linahusu kiumbe tunayekutana naye kila siku. Ukienda dikoni Kilwa Masoko wakati mashua zinashusha samaki, yupo. Ukikaa barazani Kivinje, yupo. Ukitawadha uani mwa msikiti, anapita pembeni yako. Kiumbe huyo ni paka. Swali letu ni hili: utajuaje kama paka aliye mbele yako anakutaka au hakutaki?

Swali hili lina faida mbili. Kwanza, anayelijua jibu hamwudhi kiumbe wa Allah. Pili, anajilinda yeye mwenyewe, kwa sababu watoto wengi wanaong'atwa na kukwaruzwa na paka walikuwa wameshaonywa na paka yule, ila hawakuelewa onyo lake.

1. PAKA KATIKA MAFUNDISHO YETU

Katika Surat Al-An'aam, aya ya 38, Allah (s.w.) anatufahamisha kuwa wanyama na ndege ni umma mfano wetu sisi. Na katika Surat An-Naml, aya ya 16, tunasoma kuwa Nabii Sulayman (a.s.) alifundishwa usemi wa ndege. Sisi hatukupewa muujiza huo. Tumepewa macho na akili, na paka tunaweza kumwelewa kwa kumtazama.

Zipo Hadithi tatu ambazo kila mwanafunzi azijue maana yake:

(a) Ibn Umar (r.a.) amepokea kuwa mwanamke mmoja aliadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia mpaka akafa. Hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim.

(b) Kabsha binti Ka'b, mke wa mtoto wa Abu Qatada (r.a.), alimtilia mkwewe maji ya udhu. Akaja paka kutaka kunywa, Abu Qatada akamwinamishia chombo mpaka akanywa. Kabsha alipostaajabu, mkwewe alimweleza kuwa Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, bali ni katika wale wanaotuzunguka majumbani mwetu. Imo katika Abu Daud na Tirmidhi.

(c) Swahaba mkubwa Abu Hurayra (r.a.) alipata jina hilo kwa ajili ya paka mdogo aliyekuwa akicheza naye alipokuwa akichunga mbuzi na kondoo.

Tuangalie jambo moja katika Hadithi ya pili. Abu Qatada hakumkamata paka. Paka alikuja mwenyewe kwa haja yake, naye akamsaidia. Hiyo ndiyo adabu tunayotaka kujifunza hapa.

2. MWILI WA PAKA UNASEMA NINI?

Mkia
Mkia uliosimama wima, hasa ncha ikiwa imepinda kidogo, ni salamu. Paka anayekujia hivyo anakwambia karibu. Mkia ulioingizwa chini ya tumbo ni woga. Mkia uliovimba kama brashi ya chupa ni hofu kubwa. Mkia unaopigapiga huku na huku kwa nguvu ni hasira au kero.

Hapa wengi hukosea. Mwanafunzi mmoja aliuliza darasani, "Ustadh, si anatikisa mkia kwa furaha kama mbwa?" Hapana. Mbwa akitikisa mkia mara nyingi amefurahi. Paka akiupigapiga, muache.

Masikio
Masikio yaliyosimama na kuelekea mbele ni ya paka aliyetulia au anayetaka kujua jambo. Yakilala ubavuni au yakibanwa nyuma kichwani, huyo ameogopa au amekasirika. Anayaficha yasije yakararuliwa katika ugomvi.

Macho
Usimkodolee macho paka usiyemjua, kwani kwake hiyo ni shari. Paka aliyetulia hufumba na kufumbua macho polepole. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walichapisha mwaka 2020 kwamba mtu akimfumbia paka macho polepole, paka naye huelekea zaidi kujibu vivyo hivyo, na hata kumsogelea mgeni. Jaribuni nyumbani. Ama mboni za macho zikipanuka sana mahali penye mwanga, hiyo ni dalili ya woga au msisimko. Gizani hupanuka kwa kawaida ili aone.

Mgongo na manyoya
Paka aliyepinda mgongo kama upinde, manyoya yamesimama, akakaa ubavu, anajifanya mkubwa kwa sababu ameogopa. Anayejikunyata chini na kujibana ukutani pia ameogopa, na akikosa njia ya kukimbia atapigana.

Tumbo
Wazee wetu walisema, "Paka hakubali kulala chali." Basi paka akilala chali mwenyewe mbele yako, amekuamini. Lakini kukuamini si kukupa ruhusa ya kumshika tumbo. Wengi, hata wapole, wakishikwa tumboni hukamata mkono kwa kucha zote.

Sauti
"Nyau" ni wito. Paka wakubwa hulia hivyo zaidi kwa watu kuliko kwa paka wenzao. Mngurumo mdogo wa kooni, kama cherehani inayoshona mbali, mara nyingi ni raha, ila paka mgonjwa au mwenye maumivu naye huweza kunguruma hivyo. Sauti ya "fsss" yenye kuonyesha meno ni onyo la wazi: rudi nyuma.

Kujisugua
Akikusugua kwa shavu lake miguuni, anakupaka harufu yake. Mashavuni paka ana tezi za harufu, na kwa njia hiyo anakuhesabu kuwa miongoni mwa watu wake.

Kumbuka: usihukumu kwa alama moja. Tazama mkia, masikio na macho kwa pamoja. Alama zikipingana, chukua ile inayosema "hapana".

3. PAKA WA NYUMBANI NA PAKA SHUME

Mtoto wa paka huzoea watu hasa kati ya wiki ya 2 na ya 7 tangu kuzaliwa. Aliyeshikwa kwa upole katika wiki hizo hukua akiwapenda watu. Aliyezaliwa vichakani au nyuma ya mabanda ya samaki bila kuguswa huwa paka shume. Anakula vichwa vya samaki tunavyotupa, lakini hataki mkono wa mtu.

Paka shume si mbaya. Anapunguza panya, nasi tunafaidika. Haki yake kwetu ni kumwachia njia, kumtupia chakula kwa mbali, na kutomrushia mawe. Kumfunga kopo mkiani ili wenzako wacheke ni dhulma, na dhulma kwa mnyama nayo tutaulizwa.

4. NAMNA YA KUMKARIBIA PAKA

(i) Simama mbali kidogo, kisha chuchumaa. Mtu aliyesimama ni mrefu mno kwa paka.
(ii) Usimwendee. Nyoosha kidole chini, usawa wa pua yake, na usubiri.
(iii) Akija akanusa na kukusugua, mguse shavuni au chini ya kidevu. Acha tumbo, miguu na mkia.
(iv) Baada ya muda mfupi toa mkono. Akiufuata, anataka zaidi. Akitulia au akigeuka, mazungumzo yamekwisha.
(v) Usimguse paka anayekula, aliyelala, au mwenye watoto.

5. AKIKUNG'ATA AU KUKUKWARUZA

Hapa tusikilizane vizuri. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa hauwapati mbwa peke yao. Paka naye huweza kuupata na kumwambukiza mtu kwa kumng'ata au kumkwaruza. Mikoa yetu ya Lindi na Mtwara ilikuwa miongoni mwa maeneo ya mradi wa kutokomeza ugonjwa huo ulioanza mwaka 2010 chini ya uratibu wa Shirika la Afya Duniani. Jambo hili limetuhusu kwa karibu.

Jihadhari na paka aliyebadilika tabia ghafla: mpole aliyekuwa mkali bila sababu, anayetokwa na mate mengi au kuyumba, au paka shume aliyekuwa akikimbia watu na sasa anawasogelea.

Ukiumizwa, fanya haya:
(a) Osha jeraha hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Kama hakuna bomba, mwenzako akumiminie maji kwa kopo.
(b) Usipake pilipili, majivu wala mafuta ya taa.
(c) Mwambie mzazi au mwalimu siku hiyo hiyo.
(d) Nenda zahanati au hospitali siku hiyo hiyo. Wao ndio watakaoamua kuhusu chanjo.

Dalili za ugonjwa huu huweza kuchelewa wiki kadhaa au hata miezi. Zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Lakini chanjo ikitolewa mapema, inaokoa maisha.

6. NENO KWA WAZAZI

Ndugu wazazi, mtoto huficha jeraha kwa sababu moja kubwa: anaogopa kupigwa au kuambiwa, "Nani alikutuma uchezee paka?" Tafadhali, siku hiyo tuache fimbo na maneno makali. Mtoto anayejua kuwa atasikilizwa atasema mapema, na kusema mapema ndiko kunakomwokoa. Adabu afundishwe kesho, leo apelekwe hospitali. Na mwenye paka au mbwa nyumbani amuulize afisa mifugo wa eneo lake kuhusu chanjo ya wanyama.

ZOEZI

1. Paka anakujia mkia umesimama wima, masikio mbele. Anakwambia nini, nawe utafanya nini?
2. Umemshika paka, naye ameanza kupigapiga mkia. Je, amefurahi?
3. Taja sehemu mbili za mwili wa paka zinazofaa kuguswa na mbili zisizofaa.
4. Mdogo wako amekwaruzwa na paka dikoni na anakusihi usimwambie mama. Utafanya nini?
5. Eleza kwa maneno yako Hadithi ya Abu Qatada (r.a.) na fundisho lake.

HITIMISHO

Wapenzi wanafunzi, paka hana ulimi wa kukushitaki wala wa kukuomba. Ana mkia, masikio na macho, na kwa hivyo anasema "karibu" au "niache". Muumini husikiliza yote mawili. Akisema karibu, mfanyie upole. Akisema niache, mwache aende zake, maana kumwacha nako ni rehema.

Allah atujaalie tuwe wenye huruma kwa viumbe vyake, naye aturehemu. Aamiin.

Wabillahi tawfiiq.