SOMO LA KOMPYUTA: Tundu la Konsoli kwenye Ruta



Mpenzi mwanafunzi, ruta ndiyo inayopokea data na kuielekeza kwenye mtandao inakokwenda. Zile ndogo za majumbani, zinazotiwa laini ya simu, hurekebishwa kwa simu au kompyuta iliyokwisha kuunganishwa nazo. Lakini ruta nyingi za maofisini, kama zile za Cisco, zilikuwa zikitolewa kwenye boksi hazina anwani yoyote. Utaingiaje kwa mtandao ambao bado haupo? Ndiyo maana zikawekewa tundu lililoandikwa "Console". Tundu hili halitegemei mtandao. Hata fundi akikosea anwani na kila kitu kikakatika, mlango huu hubaki.

Waya wake ni wa peke yake. Ule wa Cisco uliozoeleka ni bapa, rangi ya samawati, na ndani nyaya nane zimegeuzwa: ya 1 huishia kwenye 8, ya 2 kwenye 7, hivyo hivyo mpaka mwisho. Upande wa kompyuta una kichwa cha pini tisa. Kompyuta nyingi za siku hizi hazina tundu hilo, basi hutumika kiunganishi cha USB.

Kisha unahitaji programu ya kuzungumza na ruta. Windows XP ilikuja na HyperTerminal. Siku hizi wengi hutumia PuTTY, nayo ni ya bure. Chagua "Serial", weka kasi 9600, biti 8 za data, pariti hakuna, biti 1 ya kukomea. Ruta nyingi za MikroTik zenye tundu hili hutaka 115200. Ukikosea kasi, skrini itajaa herufi za ajabu ajabu. Usiogope, ruta haijafa.

Bonyeza Enter. Ruta za zamani za ZyXEL huomba neno la siri, kisha huonyesha menyu ya namba: 1 ni mipangilio ya jumla, 24 matengenezo, 99 kutoka. Mwisho wa ukurasa, Enter huhifadhi na Esc huacha kama ilivyokuwa. Cisco haina menyu ya namna hiyo. Ikiwa mpya huuliza kama unataka ikuongoze kwa maswali. Ukijibu "no" utaona "Router>". Andika "enable", alama igeuke kuwa "Router#", halafu "configure terminal", na hapo ndipo unapoipa jina, neno la siri na anwani.

Sasa sikiliza vizuri. Yote unayoyaandika hukaa kwenye kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika. Nililijua hili kwa aibu. Niliwapangia watu ruta ofisini kwao tangu alasiri, kila kompyuta ikapata intaneti, nikaagwa kwa dua. Usiku umeme ukakatika. Asubuhi ruta ilikuwa tupu kama ilivyotoka dukani, na kazi za watu zimesimama. Nilikuwa sikuandika maneno haya tu: "copy running-config startup-config".

Jambo jingine ni la amana. Mwenye waya huu, akiizima ruta na kuiwasha, anaweza kuikatiza inapoamka na kuiamuru isisome mipangilio iliyohifadhiwa, neno la siri likiwemo. Watengenezaji waliiacha njia hiyo kwa ajili ya mwenye mali aliyesahau. Kwa hiyo chumba cha ruta kifungwe kwa ufunguo, nawe usichomeke waya kwenye ruta ya mtu bila idhini yake, hata kama ni kwa kujifunza tu.

Ukimaliza kazi na kuhifadhi, waombe wenyeji ruhusa, zima ruta kwenye swichi ya ukutani na uiwashe. Subiri dakika chache. Likirudi jina ulilolipa, funga begi lako. Ikirudi "Router>", kaa chini uanze upya.