Sauti ya Mtoto wa Pembezoni katika Chozi la Heri

Nilipokuwa nikisahihisha majibu ya fasihi (102/3) wakati riwaya hii ikitahiniwa, nilikutana mara nyingi na hoja kama hii: Umulkheri ni mtoto maskini aliyeteseka. Hoja hiyo haina uzito, tena ina dosari. Umu hakuzaliwa katika dhiki. Nyumba ya Lunga ilikuwa na uwezo kabla ya kuporomoka. Swali likigusia nafasi ya vijana katika riwaya, jiulize kwanza: ni nani anayesimulia mateso yao, na wao wenyewe wanafanya nini?

Assumpta Matei aliichapisha riwaya hii mwaka 2014. Msimulizi wake ni wa nafsi ya tatu, lakini tukifika shuleni Tangamano, anawaachia wasichana nafasi ya kusema. Zohali anaeleza alivyopata mimba akiwa shuleni na kuishia barabarani. Chandachema anaeleza maisha ya kulelewa na nyanya, kisha kuchuma majani chai angali mtoto. Hakuna mtu mzima anayewafasiria. Wanasikilizana, na Umu anagundua kwamba yeye si wa kwanza kufikwa. Mtahiniwa aliyeitaja mbinu hii, kisha akaionyesha inavyojenga maudhui, aliniacha nikitabasamu.

Sasa mtazame Hazina, mhusika ambaye wengi humpita mbio. Tunampata kwanza akiwa mtoto wa mtaani, Umu akimwonea huruma na kumpa pesa. Baadaye Umu anapokuwa jijini bila ndugu wala pa kulala, Hazina ndiye anayemtambua na kumfikisha kwenye makao ya watoto. Aliyeomba ndiye anayeokoa. Dick naye, baada ya kuibwa na kutumikishwa katika biashara ya dawa za kulevya, anajitoa na kujitafutia riziki halali. Ukiandika kuhusu Dick ukakomea kwenye kuibwa, umeacha nusu ya jibu.

Ken Walibora alitangulia kufanya jambo la karibu na hili katika Siku Njema (1996). Kongowea Mswahili, aliyezaliwa nje ya ndoa na kulelewa Tanga bila baba, anasimulia kwa nafsi ya kwanza. Linganisha: huko sauti ni moja, hapa ni nyingi.

Hili linahusu pia insha yako ya kubuni (102/1). Nafundisha Njiru. Wanafunzi wangu huleta visa vya matajiri wenye majumba ya kifahari na magari wasiyoyajua, kana kwamba Njiru haistahili kuandikwa. Mwaka mmoja msichana aliandika juu ya mtoto anayebeba mitungi ya maji alfajiri huku babake akielekea machimbo ya mawe. Mtoto huyo alikuwa mjanja, mwongo kidogo, mcheshi, na alijua bei ya mtungi kwa kila kioski. Hakulia hata mara moja. Nilimpa alama za juu kuliko wote, na sikuwa namwonea huruma.

Zoezi
1. Fafanua jinsi mwandishi anavyotumia masimulizi ya vijana kukuza maudhui katika Chozi la Heri. (alama 20)
2. Mwandikie mtoto wa darasa la tano kisa kifupi ambacho mhusika wake mkuu ni kijana wa mtaani kwenu. Asiokolewe na mgeni.