Anza na Siku Atakayoshuka Basi

Ukipokea kijana mpya mahabusu ya watoto, mkono huenda wenyewe kwenye karatasi ya mashtaka: kaiba nini, kwa nani, alikuwa na nani. Iweke pembeni kwanza. Polisi wameshaiandika na hakimu ataisoma. Wewe afisa ustawi wa jamii una swali lako ambalo hakuna mwingine atakayeliuliza: siku kijana huyu akirudi mtaani atalala wapi, atakula kwa nani, na asubuhi ataamkia shughuli gani? Jalada lote lijenge kutokea hapo kurudi nyuma.

Somo hilo nililipata kwa aibu. Miaka yangu ya mwanzo kazini nilikuwa na kijana wa miaka 16 ambaye jalada lake lilikuwa nene na safi: taarifa ya uchunguzi wa kijamii kurasa sita, ripoti za tabia, cheti cha useremala. Alipotoka, chumba tulichokiandika kuwa ndiko kwao kilikuwa na mpangaji mwingine tangu miezi mitano nyuma. Mama alishahamia kwa dada yake. Hakuna aliyetuambia kwa sababu hakuna aliyeuliza. Kijana alilala stendi siku mbili, na waliompa chai asubuhi ya tatu ni walewale aliokamatwa nao.

Basi mahojiano ya kwanza yasianze na "wazazi wako ni nani?" Muulize, "Ukiumwa usiku, unamgongea nani mlango?" Mara nyingi jibu si baba wala mama. Utasikia bibi, mama mdogo, kaka wa mtaani, au fundi aliyekuwa akimpa kibarua. Huyo ndiye mtu wako. Andika jina lake, namba yake, na namba ya jirani yake pia, maana laini hubadilishwa na simu huuzwa mwezi ukiwa mgumu. Kila baada ya mwezi piga uhakikishe namba bado inaita.

Kisha nenda nyumbani mwenyewe, na uende jioni. Mchana utamkuta mtoto mdogo na kuku. Jioni utaona nani anarudi, nani anapika, nani akiingia wengine hunyamaza. Uliza kijana alikuwa analala wapi, uombe uonyeshwe. Niliwahi kuonyeshwa mkeka uliokunjwa nyuma ya mlango wa sebuleni, ambao hutandikwa baada ya wageni wa baba wa kambo kuondoka, mara nyingine saa sita usiku. Kwenye taarifa nikaandika hivyo hivyo, mkeka na saa. Ilisaidia kuliko kurasa mbili za "mazingira hatarishi".

Nasema hivyo kwa sababu taarifa yako ina uzito ambao wengi wetu hatuutambui. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 119, inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo. Hakimu akishamkuta na hatia anabaki na njia nyingine: kumwachia kwa masharti, kumweka chini ya uangalizi wetu, au kumpeleka shule ya maadilisho. Anapogeuka na kusema, "Ustawi mnasemaje?", anataka kujua kama kuna nyumba ya kumrudishia na mtu wa kumsimamia. Ukijibu kwa maneno ya jumla, umeshamkatia tiketi ya Mbeya. Kwa miaka mingi Tanzania Bara imetegemea shule moja tu ya maadilisho, Irambo iliyoko Mbeya, na kutoka Dar es Salaam mpaka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Mama muuza vitumbua hawezi kwenda kumwona mwanawe huko kila mwezi. Pengine hatakwenda hata mara moja.

Kama ameshapelekwa, umbali huo ndio unaoua mashauri mengi. Pangeni na walimu wa shule siku maalumu ya simu, bibi awe mtaani ameandaliwa, na wewe upige kama mtu wa tatu ukiweza. Dakika kumi za kuulizana habari za mbuzi na mdogo aliyeanza darasa la kwanza zinamwambia kijana kwamba nafasi yake haijachukuliwa. Fuatilia pia anajifunza ufundi gani. Useremala ni kazi nzuri, lakini kama mtaani kwao hakuna karakana na zipo gereji nne za pikipiki, zungumza mapema na fundi mmoja wa pikipiki kabla cheti hakijatoka.

Mpango wa kijana uwe ukurasa mmoja. Nimesoma mingi inayosema "kumjengea kijana uwezo wa kujitambua na kubadili tabia". Hilo huwezi kulikagua. Andika: "Jumatatu ya kwanza saa mbili, mama mdogo atampeleka gereji. Fundi amekubali kumwangalia wiki mbili, nauli na chakula vitatoka kwa mjomba. Afisa atapita Alhamisi." Kila mstari uwe na jina la mtu na siku, na kijana mwenyewe awepo mnapoandika. Akisema fulani hawezi kutimiza, msikilize. Anawajua ndugu zake kuliko wewe.

Sasa jambo ambalo sijaliona kwenye fomu yoyote: mlalamikaji. Kijana anarudi mtaa uleule anakoishi mtu aliyeibiwa televisheni, na mtaa huo una kumbukumbu. Kwetu neno "mwizi" likipigwa kelele, mawe hutangulia maswali. Kwa hiyo wiki mbili au tatu kabla hajatoka, nenda kwa mlalamikaji. Usiende na barua, nenda na mtu anayeheshimiwa hapo, mwenyekiti wa mtaa au mzee wa msikitini au wa kanisani. Msikilize hasira zake mpaka ziishe, usimkatize kumtetea mtoto. Ukiona amelainika, uliza kama yuko tayari kupokea samahani mbele ya mwenyekiti, na kama kuna kitu kidogo cha kufidia ambacho familia inakiweza. Akikataa, usilazimishe: kaa na familia mtafute ndugu wa kumpokea kwenye kata nyingine. Viongozi wa ulinzi shirikishi nao wamjue kijana kwa sura na waambiwe anarudi kihalali, ili usiku wakimkuta barabarani wamrudishe nyumbani badala ya kumfundisha adabu.

Ila usimwage jalada mtaani. Mashauri ya watoto husikilizwa faragha, na faragha hiyo haiishii mlango wa mahakama. Mwenyekiti anahitaji kujua kijana anarudi na nani anamsimamia. Mwalimu mkuu anahitaji kujua alikatiza masomo, basi. Na mwalimu mkuu akikuambia nafasi hakuna, mpe nakala ya Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021, unaoruhusu waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali kurudi shuleni. Mimi hutembea nayo kwenye mkoba. Nyaraka nyingine zitafutwe akiwa bado ndani: cheti cha kuzaliwa, cha kumaliza darasa la saba, na kama amefikisha miaka 18, maombi ya kitambulisho cha taifa. Kijana asiye na karatasi hapokelewi popote isipokuwa kijiweni.

Siku ya kutoka asisafiri peke yake, na mtu aliyemtaja siku ya kwanza awepo stendi. Mabasi ya Mbeya yanaweza kuingia Dar usiku, kwa hiyo mkubaliane kabisa watasubiriana wapi na nani ana namba ya nani. Mimi humtembelea ndani ya siku tatu, kisha kila wiki kwa mwezi wa kwanza, halafu naanza kulegeza kamba taratibu. Ziara ndefu si lazima. Kaa kwenye benchi la gereji robo saa, mwangalie anavyoshika spana, msalimie fundi, ondoka.

Atateleza, hilo litegemee. Kukosa miadi ni kukosa miadi, si kosa jipya la jinai, na kuna maafisa wanaokimbilia kumtishia mahakama kwa kila kitu. Ukifanya hivyo, siku atakapokuwa na taabu ya kweli atakukimbia. Nenda umuulize nini kilitokea. Mara nyingi ni nauli. Tofautisha na dalili nzito, kama kutolala nyumbani, simu mpya isiyo na maelezo, au marafiki wa zamani kuonekana gereji. Hapo keti siku hiyohiyo na yule mtu wake wa mlango wa usiku.

Jalada ukilifunga, lifunge mkiwa wote wawili, umsomee ulichoandika. Halafu mwandikie namba yako kwenye kadi ngumu, si kwenye simu, na chini yake 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto. Wa kwangu mmoja aliibandika kadi hiyo kwa selotepu ndani ya kifuniko cha sanduku la spana.